Macho ya manjano, Kampala

Mwanangu wa pili nilimzaa hapa Kampala, mama yangu akiwa Tanga. Kesho yake asubuhi tukaruhusiwa kurudi nyumbani. Siku ya pili jioni nilikuwa namnyonyesha karibu na dirisha, nikaona weupe wa macho yake umeingia manjano. Nikambonyeza ncha ya pua kwa kidole. Nilipoachia, kabla damu haijarudi, pale palikuwa kama pamepakwa bizari.

Jirani yangu Nalongo, mama wa mapacha aliyejifunza Kiswahili kwenye biashara ya Mombasa, alimtazama mara moja tu. "Hiyo enkaka, dada," yaani manjano kwa Kiganda. Mama naye kwenye simu: "Homa ya manjano hiyo, mwanangu. Mwoteshe jua la asubuhi."

Lakini mtoto hakuwa na homa hata kidogo, na hapo ndipo jina letu linapotupoteza. Homa ya manjano yenyewe huletwa na virusi vinavyoenezwa na mbu. Taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe ilianzishwa mwaka 1936 kwa ajili yake. Manjano ya macho ni dalili tu, na chanzo chake kinaweza kuwa kingine kabisa.

Daktari alinieleza nikaelewa. Chembe nyekundu za damu huishi siku 120 hivi, kisha huvunjwavunjwa. Mabaki yake ni bilirubini, yenye rangi ya manjano. Ini huichukua, huigeuza, huimwaga kwenye nyongo, nayo huteremka utumboni na kukipa choo rangi yake. Ikizidi njiani, hujaa mwilini. Huenda damu inavunjika kwa kasi, kama kwa wenye selimundu au malaria kali. Huenda ini lenyewe linaumwa, kama kwenye homa ya ini. Au mfereji wa nyongo umeziba: hapo choo huwa cheupe kama chokaa, na mkojo kama chai ya rangi.

Mtoto mchanga ini lake bado halijakomaa, ndiyo maana zaidi ya nusu yao hupata manjano kidogo, ikaisha yenyewe. Wangu ilizidi kwa sababu mimi ni kundi O na yeye A. Kinga zangu zilikuwa zinavunja damu yake. Bilirubini ikipanda sana huingia kwenye ubongo, na madhara yake hayarudi nyuma.

Akalala siku mbili chini ya taa za buluu, uchi, na nepi tu, macho yamefunikwa. Mwanga ule huibadilisha bilirubini ili mwili uitoe. Mama hakukosea kabisa, jua nalo lina mwanga huo, ila hakuna anayeweza kulipima, na mtoto huungua au hupata baridi. Mimi kazi yangu ilikuwa kunyonyesha kila baada ya saa mbili, kwa kuwa bilirubini hutoka na choo.

Juzi usiku Nalongo akanigongea, amembeba mjukuu aliyezaliwa alfajiri ya siku hiyo hiyo. Tukamwangalia macho na fizi kwenye mwanga wa taa. Manjano. Ndani ya saa 24 za mwanzo hilo si la kusubiri kukuche. Sikumaliza hata kumweleza. Nilikuwa nishachukua funguo za gari.