Pumzi ya Pavarotti

Lamu, usiku, baada ya isha

Umeme umekatika tangu magharibi. Mtaa wa nyuma wanasoma kasida bila kipaza sauti, na kila neno linafika. Kuta za mawe na uchochoro wa kupita punda mmoja huibeba sauti vizuri. Ndipo Luciano Pavarotti, mwimbaji wa opera, ile michezo ya jukwaani inayoimbwa, anaponijia akilini, maana kazi yake yote ilikuwa hiyo: kusikika juu ya orkestra nzima, kundi kubwa la wapiga ala, kwa koo tupu.

Alizaliwa Modena, Italia, 1935. Babaye alikuwa mwoka mikate mwenye sauti nzuri ya "tena", yaani sauti ya juu ya kiume, lakini hakuthubutu kuifanya kazi. Mwana alifundisha shule ya msingi, akauza bima, huku akisoma kuimba kwa Arrigo Pola, ambaye hakumtoza hata senti. Jukwaani aliingia Aprili 1961 huko Reggio Emilia, akiwa mhusika Rodolfo katika opera ya La bohème. Huo ni umri wa miaka 25, na miaka kama sita ya mazoezi nyuma yake. Kwetu mtu akisifiwa harusini mara mbili tu, keshakuwa msanii.

Watu hudhani mwimbaji wa "tena" husikika kwa kupiga kelele. La. Nguvu kubwa ya orkestra iko karibu na mitetemo 500 kwa sekunde. Huko hakuna koo la kushindana nayo. Mwimbaji aliyefunzwa hushusha kidogo zoloto, kile kisanduku cha sauti kooni, akafungua koo, na kijia kilicho juu tu ya zoloto kikabaki chembamba. Hapo sauti hupata mng'ao karibu na mitetemo 3,000, mahali ambapo orkestra ni dhaifu na sikio ni kali.

Kisha pumzi. Mwaka 1965 Pavarotti alizunguka Australia na mwimbaji wa kike Joan Sutherland, na mwenyewe alisimulia alivyokuwa akimwekea bibi huyo mikono mbavuni ili ajue anavyoishika hewa. Pumzi huvutwa chini, mbavu zikapanuka kando, mabega yakatulia. Wakati wa kuimba, mbavu zibaki wazi kadiri iwezekanavyo, tumbo la chini likiingia taratibu. Ukisukuma hewa nyingi kwa pupa, nyuzi za sauti hushindwa kukutana sawasawa na sauti hupasuka. Ukiinua mabega, shingo hukaza. Mwangalie mtoto wa madrasa anayepandisha kasida huku mishipa ya shingo imemtoka: beti ya tatu hana kitu.

Kuna na mlango ambao sauti ya kiume hubadilika ikipanda, karibu na noti ya fa ya juu. Ukiupita na "a" iliyo wazi kama ya "baba", unapiga ukelele. Lazima uiegemeze kidogo kwenye "o", bila msikilizaji kugundua. Pavarotti aliupita mlango huo kama hana habari nao. Februari 1972, jumba la opera la Metropolitan, New York, katika opera ya La fille du régiment, alipiga noti ya do ya juu mara tisa ndani ya wimbo mmoja, kwa sauti kamili. Do hiyo ni nyuzi kugongana mara 523 hivi kwa sekunde. Aliitwa kurudi jukwaani mara 17.

Mimi hunivutia zaidi jioni ya Desemba 1992, jumba la opera la La Scala, Milano. Akiimba opera ya Don Carlo, sauti ilimpasukia na watu wa roshani za juu wakamzomea. Hakumsingizia mtu, alikiri kosa ni lake. Opera yake ya mwisho, Tosca, aliiimba New York 2004.

Februari 2006, Torino, kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya majira ya baridi, dunia ilimwona akiimba Nessun dorma, wimbo maarufu wa opera. Sauti ilikuwa imerekodiwa kabla, na wimbo umeshushwa chini kidogo ya kimo chake, kwa kuwa alikuwa mgonjwa na baridi ilikuwa kali. Orkestra nayo ilijifanya inapiga. Septemba 2007 alifariki kwa saratani ya kongosho.

Umeme umerudi. Wamewasha kipaza sauti, na sasa maneno ya kasida siyashiki tena.