Mstari wa Bariamu

Usiku ule wa Desemba 2008 nilibaki peke yangu maabara, huko Bremen, nikiwa nimeshika karatasi yenye mstari mmoja unaopanda. Niliufurahia kama mtu aliyeletewa barua kutoka kwao. Na kweli ulitoka kwetu: tope nililokuwa nikipima lilichotwa kwenye sakafu ya bahari mbele ya mdomo wa mto Sabaki, kaskazini kidogo ya Malindi nilikozaliwa.

Nilikuwa mwanafunzi, na kwa miezi mitatu nilikuwa nikifundishwa kuisoma bariamu, metali iliyomo kidogo kidogo majini na udongoni. Habari yake iliniingia moyoni tangu siku ya kwanza. Vijimea visivyoonekana kwa macho hukua juu, penye mwanga, kisha hufa na kuanza kuzama. Ndani ya mabaki yao yanayooza, bariamu hukutana na salfeti, chumvi ya salfa iliyomo majini, na hapo hujijenga fuwele ndogo mno za baraiti, madini ya hizo mbili. Ajabu ni kwamba sehemu kubwa ya maji ya bahari hayana bariamu ya kutosha kuziunda. Zinahitaji kile kijumba cha uozo. Nyingi huzaliwa katika mita mia chache chini ya eneo la mwanga. Baadhi huyeyuka zikiendelea kuzama na kuirudisha bariamu majini, ndiyo sababu maji ya kina kirefu ya Pasifiki ya kaskazini yana bariamu mara tatu au nne ya yale ya juu. Zinazofika chini hulala topeni. Mwili wa kijimea huliwa ukaisha kabisa, lakini baraiti hubaki ikishuhudia kwamba pale juu paliwahi kuwa na uhai, na ulikuwa mwingi kiasi gani.

Sasa fikiria mtoto wa Malindi anatazama mstari wa bariamu unapanda kutoka tabaka kongwe hadi tabaka changa. Niliona bahari yetu ikizidi kuzaa. Ami yangu, mvuvi tangu ujana wake, alikuwa akilalamika kila nikimpigia simu kwamba samaki wamepungua. Nikajiambia pengine samaki wamehama tu, chakula chao kipo, ushahidi huu hapa. Niliandika kurasa mbili usiku ule ule, na kwa furaha nilisahau hata kula.

Asubuhi mwalimu wangu alizisoma amesimama. Hakubadilika uso. Aliuliza jambo moja tu: "Na aluminiamu je?"

Nilihisi tumbo limenishika. Nilikuwa nimefundishwa, na nilikuwa nimeandika kwenye daftari langu kwa mkono wangu mwenyewe, kwamba udongo wa nchi kavu nao hubeba bariamu: kwa kila gramu ya aluminiamu, bariamu yapata miligramu 5 hadi 10. Aluminiamu haitokani na vijimea. Hufika baharini na udongo. Kwa hiyo unapima zote mbili, unaondoa bariamu iliyokuja na udongo, na kinachosalia ndicho unachoweza kukihusisha na uhai. Mimi nilikuwa nimeichukua bariamu yote kwa jumla nikaiita uhai. Mbele ya mdomo wa mto! Mahali penyewe ambapo hilo halifanyiki.

Mashine ya eksirei ilikuwa imepima aluminiamu pamoja na mengine yote. Ni mimi tu sikuifungua safu ile ya namba. Niliichora. Ilipanda sambamba na bariamu, tabaka kwa tabaka. Nilipotoa hesabu ya udongo, mstari wangu ulilala chali.

Mwalimu alivuta kiti akakaa karibu nami. Alinipa makala iliyochapishwa mwaka 2007 kuhusu tumbawe moja la Malindi, lenye umri wa miaka 300. Niliisoma palepale. Mto unapokutana na maji ya chumvi, sehemu ya bariamu iliyoshikamana na udongo huachia, na tumbawe huiweka ndani ya mifupa yake mwaka baada ya mwaka. Kuanzia 1700 hadi 1900 bariamu ile haikubadilika sana. Baada ya 1900 ikaanza kupanda bila kurudi nyuma. Kati ya 1974 na 1980 tope la Sabaki lilifika mara tano hadi kumi ya kiwango cha asili: misitu imekatwa, watu wameongezeka, mashamba yamelimwa bila kinga, na ukame mkali wa mwanzoni mwa miaka ya 1970 umeiacha ardhi uchi. Ami alianza kuvua katika miaka hiyohiyo.

Jioni nilimpigia. Sikumweleza habari za bariamu. Nilimuuliza tu bahari ikoje.

"Nyekundu," akasema. "Mvua zilinyesha bara, na sasa kaskazi inayaleta matope yote huku kwetu. Leo nimetoka na nyavu, nimerudi na nyavu."

"Zamani ilikuwa hivi, ami?"

Akanyamaza kidogo. "Babu yako alikuwa akiyaita maji ya wiki mbili. Yakija, wanakaa wiki mbili wakishona nyavu, kisha wanaingia baharini. Sisi sasa nyavu tumeshazishona zote."

Nilirudi maabara nikazifuta kurasa zile mbili. Juu ya mchoro mpya, pale nilipokuwa nimeandika "uhai", niliandika "udongo wa bara".