Landrova ya Baba: chesisi kwanza, rangi itasubiri

Nilipoanza kuigonga kwa nyundo chesisi ya Landrova ya Baba, ile fremu inayobeba gari zima, upande wa mbele ulilia kama kengele. Nikasogea taratibu kuelekea nyuma, nikigonga kila baada ya shubiri. Nilipopita gurudumu la nyuma kushoto mlio ukabadilika ghafla, ukawa kama wa debe lililojaa mchanga. Nikagonga tena kwa nguvu, nyundo ikazama.

Mdogo wangu alikuwa amesimama pembeni na kopo la rangi ya kijani alilolileta kutoka Tanga. Akasema, "Dada, hapo tutaziba." Nikamwomba aliingize kopo ndani ya nyumba, kwa sababu mwaka huu hatutaligusa. Hakufurahi. Kwa siku tatu tulisemeshana mambo ya chakula tu.

Gari lenyewe ni Land Rover 109, Series III, ndefu ya milango mitano, ya mwaka 1982. Baba aliinunua kwenye mnada mwaka 1991, ikiwa imeshachoka, akaipandisha kutoka Mombo hadi kwetu, mbele ya Lushoto kwenye njia ya Mlalo. Anayeijua barabara ya Mombo na Soni hahitaji kuelezwa: upande mmoja mwamba, upande wa pili korongo, na kona zinazofuatana bila kukupa nafasi ya kupumua. Gari hili lilipita hapo na magunia ya viazi, matenga ya plamzi, wajawazito usiku wa manane, na jeneza la bibi yetu. Baba alipofariki mwaka 2009 tuliliegesha chini ya mparachichi, na hapo likakaa. Wanunuzi wa vyuma chakavu wamefika mara mbili. Mara zote mbili Mama aliwapa chai na kuwaambia haliuzwi.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, wala sijasomea ufundi. Lakini nilikua nikimshikia Baba tochi, na nina fundi mzee wa Korogwe aliyelijua gari hili tangu enzi hizo. Huja Jumamosi, ananiita "mwalimu", nami nampa shikamoo yake kabla hajashuka kwenye pikipiki.

Landrova za zamani zinadanganya kwa bodi. Bodi ni ya alumini, kwa hiyo hata ikikaa mvuani miaka kumi na mitano haionyeshi kutu. Mtu anapita, anaona mabati yamenyooka, anasema gari bado zima, linahitaji rangi tu. Lakini chini ya bodi hiyo kuna chesisi ya chuma, iliyoundwa kama sanduku refu lenye uwazi ndani, na ukuta wa chuma unaotenganisha injini na abiria. Hivyo viwili ndivyo vinavyooza, tena chesisi huoza kutokea ndani ambako jicho halifiki. Ndiyo maana nilianza na nyundo.

Tulipokata pale ilipozama, tulikuta udongo. Udongo mwekundu wa Usambara, ule ule wa barabarani, umejaa ndani ya chesisi na bado una unyevunyevu. Tulitoa ndoo moja na nusu. Kwa miaka yote hiyo magurudumu yalikuwa yakirusha tope, tope likiingia kwenye matundu, likiziba yale ya kutolea maji, na chuma kikikaa kama kimefungwa kwenye kitambaa kibichi usiku na mchana. Nilisimama na ile ndoo mkononi nikifikiria kwamba baadhi ya udongo ule uliingia siku ambazo Baba mwenyewe alikuwa ameshika usukani.

Kuna uozo mwingine ambao nimewaonyesha hadi wanafunzi wangu wa kidato cha tatu. Alumini inapogusana na chuma, na maji yakawepo katikati, inakuwa kama betri ndogo. Alumini ndiyo inayotoa elektroni, kwa hiyo ndiyo inayoliwa. Fungua chini ya mlango wa Landrova, pale bati la alumini lilipokunjwa juu ya fremu ya chuma, utakuta unga mweupe. Si vumbi, ni mlango wenyewe. Sasa kila bolti ya chuma tunayoirudisha kwenye bodi tunaiwekea washa ya plastiki na grisi, ili metali hizo mbili zisigusane.

Kabla ya kuchomelea tulitoa tangi la petroli, ambalo kwenye gari hili liko nyuma kabisa, tukalipeleka upande wa pili wa shamba. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu mvuke unabaki. Tukachomoa nyaya za betri na za alteneta, maana umeme wa kuchomelea unaiua. Fundi alikata kila kilichooza mpaka akafikia chuma kinachong'aa, akaweka bati la milimita 3 mahali palipokuwa na la milimita 2. Nilitaka akate kidogo ili kuokoa chuma cha asili. Alinijibu, "Mwalimu, ukichomelea juu ya kutu umechomelea hewa." Baada ya hapo nilimwachia. Mwisho tulifungua matundu yote ya kutolea maji, tukapulizia mafuta ndani ya chesisi yote.

Injini haikututesa. Ni ile ya petroli ya lita 2.25, na kwa kuwa ni ya baada ya 1980 krenki yake, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, ina beringi kuu tano badala ya tatu za zamani. Tulitoa plagi, tukamimina oili iliyochanganywa na dizeli kwenye kila silinda, tukaiacha kutoka Jumatano hadi Jumamosi, kisha tukaizungusha kwa hendeli. Ilikataa, ikakataa, ikasogea. Nilirekebisha nafasi za valvu mwenyewe, milimita 0.25 zote nane, nikasafisha kabureta, nikapanga nyaya za plagi kwa mfuatano wake wa 1-3-4-2. Iliwaka saa kumi na moja jioni na moshi ukajaa uwanja mzima. Mama alitoka jikoni, akasimama mlangoni na mwiko mkononi, asiseme kitu mpaka tulipoizima.

Breki ndizo zilizokula miezi.

Kwetu sisi wa milimani, gari lisilo na breki ni bora lisiwake kabisa. Gari hili lina breki za dramu magurudumu yote manne. Kila gurudumu la mbele lina silinda mbili za breki, la nyuma moja moja, jumla sita. Nilipozifungua, raba zote zilikuwa zimevimba na kulainika kama maandazi yaliyolowa kwenye chai. Mtu fulani, miaka ya nyuma, aliongezea oili ya kawaida mahali pa mafuta ya breki. Raba za breki hazivumilii oili ya madini: zinavimba, zinaziba, na siku moja pedali inazama hadi sakafuni. Niliwaza ni mara ngapi tuliteremka Soni sote tisa ndani ya gari, na raba hizo zikiwa katika hali hiyo.

Nilibadilisha silinda zote sita, masta silinda inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedali, na mipira yote ya mabomba. Spea zilitoka Gerezani, Dar es Salaam, zikaja kwa basi hadi Mombo. Masta silinda ya kwanza ilivuja kabla hata hatujatembeza gari, ikabidi niagize nyingine. Kisha tukashindwa kutoa upepo uliobaki kwenye mabomba ya breki. Tulikanyaga pedali wikendi mbili, bado ilikuwa laini kama sponji. Fundi ndiye aliyekumbuka: kwanza kaza virekebishi vya dramu mpaka liningi, zile zinazosugua dramu, zishike kabisa, halafu ndipo utoe upepo, halafu uvilegeze. Tukafanya hivyo, na ndani ya saa moja pedali ikawa ngumu kama jiwe.

Hendibreki nayo nimemfundisha mdogo wangu upya. Katika Landrova hizi haishiki magurudumu, inashika shafti inayokwenda nyuma, kwenye dramu iliyo nyuma ya gia boksi. Ni ya kuegesha tu. Ukiivuta gari likiwa kwenye mwendo unaweza kuvunja kitu kikubwa. Baba hakuigusa kamwe kabla gari halijasimama, na kwenye mteremko hakutegemea breki peke yake. Kutoka Lushoto hadi chini alishuka na gia ya pili, injini ikilia, kwa sababu dramu zikipata moto sana breki hupungua nguvu. Matope yakiwa mengi kule Mtae aliuvuta ule mkono wenye kirungu chekundu, magurudumu manne yakashika, tukapanda polepole kama trekta.

Jumapili iliyopita tulilitoa nje ya geti kwa mara ya kwanza. Tulikwenda hadi sokoni na kurudi, Mama akiwa kiti cha mbele, mkoba wake mapajani, akisalimia kila mtu kwa jina. Breki zilishika kila nilipokanyaga. Mdogo wangu alikaa nyuma, na tuliporudi alilala chini ya gari mwenyewe kukagua kama kuna bomba linalovuja. Hakuzungumzia rangi.

Ila gia ya pili inaruka. Ukiondoa mguu kwenye mafuta kwenye mteremko, mkono wa gia unajitoa wenyewe na gari linabaki huru. Ni gia ile ile aliyoitegemea Baba, kwa hiyo kushuka Mombo bado. Likizo ya Desemba tutaishusha gia boksi. Hutolewa kupitia ndani, baada ya kufungua viti na sakafu, ikapitishwa mlangoni, na inataka watu wanne wenye mgongo mzuri. Beringi zake zimeshafika. Ziko kwenye boksi chini ya kitanda cha Mama.