Kabla hujaichukia pua yako, pima umbali wa simu

Kaa jioni moja kwenye hosteli yoyote ya chuo Moshi au Arusha, mazungumzo ya shepu hayakosi. Nani kanenepa, nani "kafanyiwa" upasuaji wa urembo, bei gani. Cha ajabu, wanaocheka kwa sauti ndio mara nyingi wanaouliza bei pembeni.

Tuanze na pua. Selfi inayopigwa sentimita 30 kutoka usoni huipanua pua kwa karibu asilimia 30 kuliko picha ya umbali wa mita 1.5, watafiti wa Marekani walilikokotoa hilo mwaka 2018. Pua iko mbele ya masikio, na simu ikisogea sana, kilicho karibu na lenzi hukua kupita kiasi. Kwa hiyo egemeza simu kwenye rafu, usawa wa macho, tumia kamera ya nyuma, weka taima ya sekunde 10, rudi nyuma hatua mbili. Zima filta. Picha ikatwe baadaye. Pua hiyo ndiyo watu wanayoiona.

Kuongeza makalio ni habari nyingine. Mafuta hunyonywa tumboni au mgongoni, husafishwa, kisha hudungwa makalioni. Sehemu yake hufyonzwa na mwili, hivyo umbo la kudumu huonekana baada ya miezi kama sita. Hatari yenyewe iko kwenye msuli: humo mna vena kubwa, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, na mafuta yakipenya humo yanasafiri hadi moyoni na kwenye mapafu. Mgonjwa anaweza kufia mezani. Ndiyo maana daktari anatakiwa abaki juu ya msuli, chini ya ngozi tu. Halafu kuna wiki mbili hivi za kutokukalia makalio. Jaribu hilo na vipindi vya saa tatu, au na basi dogo la Coaster la Moshi–Arusha. Anayekuahidi sindano ya silikoni ya maji chumbani kwake, mkimbie.

Kama kovu la sikio ulilotobolewa lilifura likawa keloidi, mwambie daktari kabla ya kisu chochote. Huduma hizi zipo hospitali ya Mloganzila, Dar es Salaam. Uliza kama atakayekupasua ni bingwa wa upasuaji rekebishi, na nani atakayekusimamia ukiwa kwenye usingizi wa dawa.

Na ikiwa dosari unayoiona mwilini mwako inakula zaidi ya saa nzima ya mawazo kila siku, hadi unakwepa vipindi, anza kliniki ya afya ya akili, hospitali ya KCMC ya Moshi kwa mfano. Kwa hali hiyo upasuaji husaidia mara chache: pua ikishatengenezwa, zamu inakuwa ya kidevu.