Nilivyochagua moduli za sinthesaiza ya HP 84 ili ipige na ilimba

Sinthesaiza ya moduli ni mashine ya muziki unayoijenga kwa vipande vidogo, yaani moduli, unavyoviunganisha kwa waya ndani ya sanduku. Sanduku langu ni safu moja tu, HP 84. HP ni kipimo cha upana wa paneli, na moja ni milimita 5.08, kwa hiyo paneli zote zikikaa pamoja zinafika karibu sentimita 42.7, na kila paneli ina kimo cha milimita 128.5. Hivyo ndivyo vipimo vya Eurorack, mfumo ulioanzishwa na Doepfer wa Ujerumani mwaka 1995. Katika nafasi ndogo hivyo huwezi kununua moduli kwa sababu inavutia. Kilichoamua uchaguzi wangu ni ilimba: nilitaka mashine ipige pamoja na ilimba ya Kigogo, ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole, bila mchezaji wa ilimba kulazimika kufuata kinanda.

Ngazi ya muziki wa Kigogo, ule aliouzungusha duniani mwanamuziki Hukwe Zawose, iko karibu sana na hamoniki za asili (sauti zinazojitokeza zenyewe juu ya noti moja ya msingi), hasa ya 6, 7, 8, 9 na 10. Sinthesaiza nyingi za moduli hufuata kanuni ya volti 1 kwa oktavu, yaani ukiongeza volti 1 noti inapanda oktavu moja, hivyo nusutoni, hatua ndogo kabisa ya kinanda, ni milivolti 83.3. Ukifanya hamoniki ya 8 kuwa sifuri, ya 9 inadai volti 0.170, ya 10 volti 0.322, ya 6 ikipandishwa oktavu moja volti 0.585, na ya 7 nayo ikipandishwa volti 0.807. Kinanda kwa noti hiyo ya mwisho kitakupa volti 0.833. Tofauti ya milivolti 26 ni kama theluthi ya nusutoni, na hata mtoto wa Chamwino aliyekulia kwenye ngoma ataisikia. Ndiyo maana kwantaiza ya kawaida, moduli inayoshauriwa karibu kwa kila anayeanza, niliiacha. Ingevuta kila noti kwenye ngazi ya kinanda. Zipo zinazokubali ngazi unayojitengenezea, lakini zinakula pesa na nafasi.

Badala yake nilichukua sikwensa, moduli inayorudia mfululizo wa noti, ya hatua 8 yenye nobu tupu, HP 16. A-155 ya Doepfer ni nzuri, ila ina HP 50, zaidi ya nusu ya sanduku. Kila nobu naipima kwa multimita ya kawaida ya fundi redio, kwenye alama ya 2000m. Kata waya mmoja wa pachi, ule wa kuunganisha moduli, toa shaba ya katikati na ya nje, shika kwa vibanio, kisha zungusha polepole hadi namba itokee. Halafu sikiliza. Ilimba mbili hazilingani kabisa, kwa hiyo hizo namba zinakufikisha jirani tu, na sikio ndilo linalomalizia.

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Wakitaka sikwensa moja iendeshe osileta (chanzo cha sauti) na filta (kichujio cha sauti) kwa pamoja, wanagawa volti kwa waya wa tawi usio na bafa, yaani saketi inayozuia volti isishuke. Kama tundu la kutokea lina rezista ya kiloomu 1 na kila tundu la kuingilia lina kiloomu 100, kila tawi linapunguza volti kwa karibu asilimia 1. Matawi mawili kwenye volti 2 yanakunyang'anya karibu milivolti 40, nusu ya nusutoni. Juu noti zinashuka, chini ziko sawa, na mtu anaanza kulaumu osileta. Tumia moduli ya kugawa yenye bafa. HP 4 zinatosha.

Kwa osileta nilichagua Plaits, HP 12, iliyobuniwa na Émilie Gillet wa Mutable Instruments. Kampuni hiyo ilifunga kazi mwaka 2022, lakini michoro yake ni huria, kwa hiyo watengenezaji wengine bado wanaitoa, hata kwa paneli nyembamba zaidi. Ni ya kidijitali, na kwa Dodoma hilo lina maana: usiku wa Juni na Julai ni wa baridi, mchana jua linachoma, na osileta ya analogi isiyofidiwa vizuri huhama sauti kadiri joto linavyobadilika. Faida nyingine ni kwamba ukichomeka ishara ya kuanzisha noti kwenye tundu lake la TRIG, inafungua na kufunga sauti yenyewe, hivyo unaokoa VCA moja, moduli inayodhibiti ukubwa wa sauti kwa volti. Modeli yake ya vyuma vinavyogongwa inakaa pembeni ya ilimba vizuri, ila punguza mng'ao, la sivyo mlio wake utafunika mvumo wa ilimba.

Ilimba yenyewe inaingia kupitia moduli ya sauti ya nje, A-119, HP 8. Inakuza sauti, inatoa volti inayofuata nguvu ya vidole, na inatoa geti, ishara ya kuwasha na kuzima, kila sauti inapovuka kiwango ulichoweka. Kipokezi ni diski ya piezo, inayogeuza mtetemo kuwa umeme, ya milimita 27, bei ya soda. Usiichomeke moja kwa moja kwenye miksa. Diski kama hiyo ina kapasita ya karibu nanofaradi 20, na ikikutana na kiloomu 10 inakata kila kitu chini ya takriban Hz 800, ndiyo sababu watu husema piezo inalia kama bati. Ikikutana na megaomu 1, mkato unashuka hadi Hz 8. Fundi anaweza kukutengenezea bafa kwa chipu moja ya TL072 na rezista ya megaomu 1. Bandika diski mgongoni mwa sanduku la ilimba, usawa wa daraja linalobana vyuma, mbali na tundu lenye utando wa buibui. Ukiisogeza karibu na tundu hilo, ule mvumo unafyatua geti mara mbili au tatu kwa noti moja. Ikitokea, pandisha kiwango cha geti kwanza kabla ya kuhamisha diski.

HP 20 zilikwenda kwa Maths ya Make Noise, kwa sababu inafanya kazi ya envelopu mbili (volti zinazochora kupanda na kushuka kwa sauti) na LFO (wimbi la polepole la kuyumbisha sauti), na chaneli yake ya 3 ikiwa haijachomekwa kitu inatoa hadi volti 5 za kupandisha wimbo mzima. Filta HP 8, VCA mbili kwenye paneli moja HP 8, na moduli ya kutolea sauti HP 8. Zimejaa 84. Kabla ya kununua nilipanga pachi yote kwenye VCV Rack, programu ya bure ya kompyuta, ambamo Plaits inaitwa Macro Oscillator 2. Huko ndiko unakogundua kwamba filta ya pili huihitaji na VCA ya pili unaihitaji sana.

Kwenye umeme, jumlisha mA za kila upande peke yake, +12V na -12V, kisha acha robo ya ziada. Zangu ni kama 400 na 200, na power supply inatoa 1000 na 500. Hiyo ni takriban wati 7, UPS ndogo inaibeba bila shida. Mstari mwekundu wa waya bapa unakaa upande wa -12V. Ukiugeuza unaunguza IC (chipu), na usiamini kizuizi cha plastiki, soma maandishi kwenye bodi.

Ukiagiza nje, VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya bei, usafiri, bima na ushuru kwa pamoja, hivyo mzigo mmoja wenye ankara safi ni nafuu kuliko vifurushi vitano. Sanduku alichonga seremala kwa mninga, kina cha ndani sentimita 7. Nafasi ikibaki wazi, izibe kwa paneli tupu, maana vumbi la kiangazi linaingia kwenye nobu na kuzifanya zikwaruze.

Sauti ya moduli hufika volti 10 kutoka kilele hadi kilele, miksa ya ukumbini inatarajia kama 2 hadi 3.5. Anza na nobu ya kutolea ikiwa robo, mwombe mtu wa miksa aweke geni (ukuzaji wa sauti inayoingia) chini kabisa, kisha mpandishe pamoja ilimba ikiwa inapigwa kwa nguvu.