Mji Uliokupokea, Unauombea?

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wiki hii mimi nimechoka, niseme tu ukweli. Masomo yanaenda, nilichochoka ni kutazamwa. Unapanda treni ya chini ya ardhi hapa Xi'an, China, jioni watu wakitoka kazini, simu inainuliwa taratibu mtu anajifanya anasoma meseji kumbe kamera iko usoni kwako, mtoto anamvuta mama yake mkono anakunyooshea kidole, na juzi bibi mmoja akanishika rasta zangu kabisa akawa ananiuliza eti hizi unaoshaje, na mimi nimetoka maabara tangu saa mbili asubuhi nina njaa.

Basi nimefika hosteli nimenuna, nikafungua Biblia kule tunakokimbiliaga wote tukichoka, Yeremia 29:11, mawazo ya amani wala si ya mabaya. Mstari huo tunao kwenye status, kwenye kava za simu, kwenye kadi za mahafali. Ila safari hii macho yakapanda juu kidogo, mstari wa 7: "Kautakieni amani mji ule", halafu "mkauombee kwa Bwana". Mji gani? Babeli! Ahadi tunayoipenda wamepewa watu ambao kwenye barua hiyohiyo wameshaambiwa wajenge nyumba, wapande bustani wale matunda yake, na wauombee mji uliowachukua mateka. Na sisi hata mateka hatukuchukuliwa jamani. Sisi tuliomba skolashipu wenyewe, mama akafunga siku tatu visa itoke, tukapigwa picha airport tunacheka.

Wale mnaokaa hapa Xi'an, kama hujawahi kwenda makumbusho ya Beilin nenda, iko ndani ya ukuta wa mji karibu na geti la kusini. Kuna jiwe pale la mwaka 781, refu kuliko mtu, limesimama juu ya mgongo wa kobe wa mawe, na juu kabisa limechongwa msalaba mdogo. Maandishi yake yanasema mwaka 635 alifika hapa, mji ukiitwa Chang'an, mtumishi anaitwa Alopen amebeba Maandiko, na mfalme Taizong akampokea. Mwaka 635! Sisi tunadhani wa kwanza kumtaja Yesu mji huu ni fellowship yetu. Kilichonishika zaidi ni kwamba jiwe lote karibu limeandikwa Kichina, na kwa lugha ambayo msomi wa hapa angeisoma bila kukwama, ila majina ya watumishi pembeni ndiyo wameyaweka na kwa Kisiria, lugha ya kanisa lao. Maana yake walikaa, wakajifunza, wakakosolewa matamshi kama tunavyokosolewa sisi. Danieli naye alipewa elimu ya Wakaldayo na lugha yao miaka mitatu, akapewa na jina la kwao, na hakuna mahali ameandikwa akilalamika kuhusu jina.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Mwenzangu wa maabara alinialika nikale na mama yake, amekuja kumtembelea, wakanipeleka kula paomo mtaa wa Waislamu. Kama hujala, ni hivi. Unapewa bakuli tupu na mkate mgumu wa duara, supu haipo. Unanawa mikono, halafu unaumega ule mkate mwenyewe vipande vidogovidogo kama punje za maharage, kazi ya nusu saa hiyo, ndipo bakuli linarudishwa jikoni na namba yako wanakupikia na supu ya kondoo, tambi na nyama, linakuja na vitunguu swaumu vya siki na pilipili. Mimi na njaa yangu nikamega matonge. Yule mama akaangalia bakuli langu, akacheka, akalivuta kwake bila kuniomba, akaanza kuyamega tena yale yangu moja moja. Na huku anamega ananiuliza, mama yako mzima? Kwenu mnalima nini? Baridi ya huku unaiweza? Wapendwa, mimi Kichina changu cha kubabaisha lakini nilikielewa chote.

Nikakumbuka Luka 24. Yule ambaye wanafunzi wawili walikutana naye njiani kwenda Emau, Kleopa alimwambiaje? Wewe peke yako u mgeni katika Yerusalemu? Bwana wetu alikubali kuitwa mgeni, akaalikwa, akaketi, na ni kwenye kuumega mkate macho yao yakafumbuka. Sisi tumefundishwa sana kutoa, kupokea hatujafundishwa. Tumekuja huku tukijiona tumebeba nuru, kwamba hawa watu hawana kitu cha kutupa zaidi ya digrii. Aliyekumegea mkate amekupa kitu! Mpendwa kubali kupokelewa, kubali kuwa mdogo mezani pa mtu, kula kilichowekwa mbele yako, uliza jina la aliyekipika.

Na hapa niwaseme kidogo kama dada yenu, mnisamehe. Kuna watu wana mwaka wa tatu hapa hawajui hata jina la ayi, yule mama wa usafi anayefagia korido yao. Ugali wetu wa Jumamosi sina ugomvi nao (unga wa njano wa huku ukiusonga vizuri unakubali), ila kusimama kwenye lifti tunawasema wenyeji kwa Kiswahili na wao wanatutabasamia, halafu Jumapili tunainua mikono tunalia? Yakobo 3 inasema kinywa kimoja kinatoa baraka na laana, haifai. Tena mnajua sheria ya hapa, mgeni haruhusiwi kuwahubiria wenyeji wala kugawa vipeperushi. Basi kilichobaki kwako ni salamu yako, namna unavyosubiri foleni, na magoti yako chumbani. Hicho nacho tunakichafua?

Mzee wa getini kwetu nilipomwambia natoka Tanzania alisimama, akaanza habari za reli. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia waliyotusaidia Wachina kuijenga, 1970 mpaka 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi kule Zambia. Zaidi ya Wachina 60 wamezikwa kwetu, makaburi yapo upande wa Gongo la Mboto, na kuna mama zao huku hawakuyaona hayo makaburi. Na mnafikiri kule Mlimba na Makambako watoto hawakuwakimbilia kuwashangaa? Bibi zetu hawakutaka kuzigusa zile nywele? Kutoka 23:9, mnaujua moyo wa mgeni. Sasa tunaujua kweli.

Kwa hiyo maombi yetu Jumatano tusianze na visa wala tasnifu, hizo zitafuata. Tuanze na mji. Wazee wanaocheza dansi uwanjani jioni, watoto wanaotoka tuisheni usiku, walimu wetu, maayi wetu kwa majina, kwa hiyo kila mmoja akaulize jina kabla ya Jumatano. Saa moja usiku, chumba kilekile, aje na kikombe chake.