Nilivyokanyaga College Park

Leo nimefika uwanja wa ndege wa College Park, Maryland, nje kidogo ya Washington. Ni mdogo, jamani! Njia moja tu ya kurukia, takriban mita 800, hauna hata mnara wa kuongozea ndege. Marubani wanatangaziana wenyewe redioni: mimi naingia, mimi naruka. Vindege vya injini moja vimefungwa kamba ardhini kama mbuzi.

Lakini mwaka 1909 Wilbur Wright mwenyewe, mmoja wa ndugu wawili waliounda na kurusha ndege ya kwanza yenye injini, alikuja hapa kuwafundisha maofisa wa jeshi la Marekani kurusha ndege, na tangu hapo uwanja haujafungwa moja kwa moja. Ndio mkongwe kuliko vyote duniani vinavyotumika mpaka leo. Agosti 1918 posta ikaanza kusafirisha barua kwa ndege kutoka hapa.

Kilichonishangaza ni ulinzi. Kwa kuwa uko karibu na Ikulu yao, tangu mashambulizi ya 2001 rubani anachukuliwa alama za vidole na kupewa namba ya siri kabla ya kuutumia. Mimi mtembea kwa miguu nimeingia makumbusho yao pale pembeni, nikakaa dirishani nikisubiri ndege itue. Ilitua moja, ikarukaruka mara mbili kabla ya kutulia.